Kwa Nini Mlavenda Unakataa Maji

Sogezeni vigoda. Hadithi hii haina sungura mjanja wala fisi mpumbavu, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize. Nimepita majumbani kwenu, nimeona mliyoyafanya. Mmenunua miche ya mlavenda kule barabarani, mkaipanda kwenye udongo mweusi wenye samadi, mkaimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, na leo mnakuja kuniuliza kwa nini imeoza. Mmeiua wenyewe, tena kwa huruma. Wauza miche huuita mlavenda, na mimi nitauita hivyo ili tuelewane, lakini huku kwetu Upareni mti huo una jina lake. Sisi tunauita mkataamaji. Jina hilo lilizaliwa matangani, na nitawaeleza yalikuwa matanga ya nani.

Zamani mti huu haukuwa na sura mnayoijua. Majani yake yalikuwa mapana na laini kama ya maboga, maua yake yalikuwa meupe, na ungeyanusa mpaka pua ichoke usipate harufu yoyote. Tena ulikuwa mti wa kunywa. Ndama aliyetoka kuachishwa ziwa hanywi kama ulivyokuwa ukinywa mti ule. Ukikosa maji asubuhi, jioni majani yameshalala.

Watu wa siku hizo waliuita mlango. Binti alipoolewa, mama yake alikata tawi la mti uliokuwa mbele ya nyumba yake, akampa alibebe mwenyewe mpaka kwa mumewe. Akifika, kabla hajakaribishwa hata kata ya maji, bibi harusi alilichomeka tawi lile mbele ya nyumba yake mpya na kulinywesha. Mti unywe kwanza, yeye baadaye. Kuanzia hapo mti ule ukawa ndio ndoa yake. Ukistawi, watu walisema mke ametulia. Ukikauka, wazee wa ukoo walikaa kikao kifupi, wakasema, "Mlango umekauka," na mwanamke akafungasha kikapu chake kurudi kwao. Aliondoka peke yake. Watoto walibaki, maana watoto walikuwa wa ukoo wa baba, na mama asiye na mlango hakuwa mama wa mtu.

Mkiniuliza nani aliyeiweka desturi hiyo, sijui. Ninachojua ni kwamba walioiweka hawakuwa wachota maji.

Katika kijiji kimoja cha mteremkoni aliolewa mwanamke aitwaye Nakijwa. Kwao kulikuwa upande wa pili wa mlima, mahali penye chemchemi nyingi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi, kama wasemavyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye kamba yake ilikuwa ule mlango, lakini aliutunza hata kamba haikuonekana. Mti wake ulikuwa mkubwa kuliko yote mteremkoni. Mavyaa yake, mama wa mumewe Kiondo, aliwaita wageni waje kuuona, akasimama kando amejishika kiuno kana kwamba ameuzaa yeye.

Kiondo na Nakijwa walikaa muda mrefu bila mtoto, wakaja kupata binti, wakamwita Mbonea. Mtoto huyo alikua pamoja na mti. Alijifunza kusimama kwa kushika shina lake. Alipoanza kusema, aliuambia habari zote za nyumbani, nani amegombana na nani, kuku yupi anataga nje. Nakijwa alikuwa akitwanga mahindi huku akimsikiliza, na moyo wake ukajaa. Alisema moyoni kwamba akiwa na huyu, dunia haina cha kumnyang'anya. Hakujua anaropoka.

Vuli ikapita bila mvua. Watu wakasema, masika italipa. Masika nayo ikaja na upepo mtupu. Mnaijua ndiva, lile bwawa la kuchimbwa linalokusanya maji ya chemchemi usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Mwaka ule hakuna aliyefikiria mashamba. Ndiva ilishuka mpaka ikabaki tope katikati, na mzee mgawa maji akawa anakaa ukingoni na kata yake, kila nyumba ikipata kibuyu kimoja kwa siku. Migomba ilikatwa ikanyonywa maji ya shina mpaka ikaisha. Wanaume waliswaga ng'ombe kwenda mabondeni kutafuta malisho, na Kiondo akaenda nao. Nyumbani wakabaki Nakijwa, Mbonea na mavyaa. Kibuyu kimoja, vinywa vitatu, na mti.

Bibi mzee alipewa fungu lake kwanza, hilo halikuwa na mjadala. Yaliyobaki yalikuwa mikononi mwa Nakijwa, agawe apendavyo. Mwanzoni aligawa vizuri. Mtoto alipata ya kutosha, mti ukapata kidogo, na yeye akalamba kilichobaki kwenye shingo ya kibuyu. Mti haukuridhika. Majani ya chini yakaanza kuwa ya manjano.

Hapo ndipo mke wa Senkondo alipofukuzwa. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya nyumba ya Kiondo, na mlango wake ulikuwa umekauka hata ukishika tawi linavunjika. Alikuwa na mtoto anayenyonya. Wazee walikaa, wakasema lile neno lao, wakanyanyuka. Nakijwa alisimama uani akamwona jirani yake anashuka na kikapu kichwani bila kugeuka nyuma, maana angegeuka asingeenda. Mtoto alikuwa analia mikononi mwa shangazi yake, na kila alipolia, nguo ya mama yake kifuani ililowa maziwa. Ililowa hivyo mpaka alipopotea kwenye kona ya mlima. Maji yalikuwa hayapatikani kijiji kizima, na maziwa ya mtoto yanamwagika njiani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Nakijwa aliujua siku ile kwa macho yake.

Akaingia ndani, akamshika Mbonea kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Aliapa kwamba yeye hatashuka ile njia. Mlango wake hautakauka hata kama mlima wote utaungua.

Tangu siku hiyo aliacha kunywa fungu lake, akaupa mti. Alipoona bado majani yanalegea, alichukua kidogo katika fungu la mtoto. Kesho yake akachukua kidogo tena. Msimhukumu haraka. Kila tone alilomnyima Mbonea alimnyima ili asitenganishwe naye, na kila alipomwaga maji pale shinani aliona anamnunulia mtoto wake siku nyingine ya kuwa na mama. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa desturi ile. Desturi yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu, lakini ukizaliwa ndani ya nyumba iliyopinda, unaona ukuta umenyooka.

"Mama, maji," Mbonea alikuwa akisema.

"Ngoja, mwanangu. Mlango kwanza."

Mtoto akayashika maneno hayo kama watoto wanavyoshika kila kitu. Alikuwa na gunzi la mahindi alilolifunga kitambaa, ndilo mwanawe. Alikaa uani akiteka vumbi kwa kifuu cha nazi kavu, akalimwaga shinani mwa mti, halafu akaliambia gunzi lake, "Ngoja, mwanangu. Mlango kwanza." Nakijwa alimsikia. Akarudi ndani kuendelea na kazi zake.

Na mavyaa je? Mnataka niwaambie alikuwa mchawi ili mumchukie mpumzike. Hakuwa mchawi. Alikuwa mtu wa desturi, na hao ndio wagumu zaidi, kwa sababu wanalala usingizi mzuri. Kila asubuhi alitoka na fimbo yake, akaufikia mti, akabinya jani moja kati ya vidole.

"Mama Mbonea, jani hili limelegea."

"Ni jua tu, Mama. Jioni litasimama."

"Lisimame. Mimi nimeutunza wangu mpaka nikazeeka. Sitaki kusemwa na watu."

Siku moja Nakijwa alitoka jikoni akamkuta Mbonea amepiga magoti shinani, ameinamisha kichwa, analamba udongo uliotoka kumwagiwa. Alikuwa amefukua kidogo kwa vidole kutafuta palipo na unyevu zaidi, na mzizi mmoja ulikuwa nje. Nakijwa aliona mzizi kabla ya kumwona mtoto. Alimpiga kofi la mkononi. "Unataka uuue? Unataka nifukuzwe?" Mbonea hakulia kwa machozi, hakuwa nayo. Alifukia mzizi ule taratibu, akaupigapiga udongo kwa kiganja, akamtazama mama yake aone kama amefanya vizuri. Nakijwa aliyakumbuka macho hayo maisha yake yote.

Haukupita muda, mtoto akaamka mwili unawaka moto. Nakijwa alichukua kibuyu akakitikisa, kikawa kitupu. Jana yake jioni alikuwa amemimina yote shinani, kwa kuwa jua lilikuwa kali mno na mavyaa alikuwa amebinya majani mawili. Alimlaza mtoto kwenye kivuli cha upenuni, akamwachia bibi yake, akakimbilia ndiva. Watu walikuwa wamepanga foleni. Mzee mgawa maji alikuwa ameyakoroga asubuhi kwa bahati mbaya, na ikabidi wote wangoje tope litue. Nakijwa aliomba. Akapiga magoti. Waliokuwa mbele yake nao walikuwa na watoto majumbani, wakamtazama tu. Jua lilikuwa utosini alipojaziwa kibuyu chake, akarudi akipanda mlima kwa hatua ndefu, mkono mmoja kichwani ili tone lisidondoke.

Alimkuta mavyaa ameketi kwenye kigoda upenuni. "Amelala," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anahangaika, akajikokota mpaka pale chini ya mti, akatulia. Nimemfunika. Usimwamshe."

Mbonea alikuwa amelala shavu chini, mdomo wazi juu ya udongo ule wa jana, ulimi umegusa mchanga. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Nakijwa alimgeuza, akamtilia maji kinywani. Yakatoka pembeni yakateremka shingoni. Akatia tena. Yakatoka.

Bibi mzee alilia kweli, si kilio cha kuonekana. Alipoishiwa na kilio, alitafuta neno la faraja kama watu wanavyotafuta msibani, na msibani ndipo ulimi unapofanya maovu yake makubwa. Akasema, "Jikaze, Mama Mbonea. Angalau mlango haujakauka. Una pa kukaa."

Nakijwa alinyanyuka na kibuyu. Alikwenda mpaka kwenye mti, akakigeuza chini juu. "Kunywa," akauambia. "Siku zote umekuwa wa kwanza. Kunywa na leo."

Na mti haukunywa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana walioliona jambo hili walikuwa wengi, majirani walikuwa wameshaanza kufika kwa kusikia kilio. Udongo ulikuwa mkavu kiasi cha kumeza mto, lakini maji yalikaa juu yake, yameng'aa, hayaendi chini. Majani yale mapana yakaanza kujikunja pole pole, moja baada ya jingine, kama mtu anayefumba ngumi.

Mtoto alizikwa pembeni mwa nyumba, mahali pa mawe matupu panapopigwa jua kutwa nzima, kwa kuwa kwingine ardhi ilikuwa haichimbiki. Wanaume waliobaki kijijini wakapanga mawe juu ya kaburi kuzuia fisi. Walipokuwa wakipanga, Nakijwa alitoka na mundu, akaufyeka ule mti tawi kwa tawi mpaka kikabaki kisiki, akayatupa matawi juu ya mawe. Kisha akachota majivu ya jikoni, kama wafiwa walivyofanya enzi hizo, akajipaka uso na mikono. Yaliyobaki akayamwaga juu ya matawi, nayo yawe na msiba.

Mavyaa alikiogopea kile kisiki. Alizunguka kwa majirani kuomba maji, akakimwagia, akakimwagia tena. Kadiri alivyomwaga ndivyo kilivyokuwa cheusi, mpaka mizizi ikaoza na uvundo ukaingia ndani ya nyumba. Habari zikaja kwamba nyumba nyingine nazo milango yao imeanza hivyo hivyo. Kila aliyemwagilia aliozesha. Wazee wa ukoo, badala ya kujiuliza maswali, wakaanza na nyumba ya kwanza, wakaitisha kikao uani kwa Kiondo.

Kiondo alirudi siku hiyo hiyo. Ng'ombe wengi walikuwa wamekufa bondeni, na katika wachache waliobaki mmoja alikuwa na maziwa. Alikuwa ameyabeba njia nzima kwenye kibuyu kidogo cha shingo ya shanga. Aliwakuta wazee wameketi, akawaamkia, akauliza, "Mbonea yuko wapi? Nimemletea maziwa." Nakijwa alimwonyesha kwa kidevu upande wa mawe.

Alipofika pale, kilichomsimamisha kilikuwa harufu. Ilikuwa tamu na kali kidogo, na ilituliza kifua hata kama hutaki kutulizwa. Matawi yaliyotupwa yalikuwa yamesimama katikati ya mawe. Hakuna aliyeyapanda wala aliyeyapa tone, na jua lilikuwa lile lile. Majani yake yalikuwa membamba kama kamba za ukindu, ya kijivu kwa majivu yaliyoingia ndani yasitoke tena. Kila tawi lilikuwa na maua madogo yaliyobanana, na rangi yake ilikuwa zambarau. Kiondo aliijua rangi hiyo baadaye, alipoambiwa mtoto alikutwaje.

Wazee wakaja mbio kuona. Mnadhani walilia? Walifurahi. "Mlango upo!" mmoja wao akasema. "Haujafa, umehama tu. Mke huyu hana kosa, akae." Mavyaa, maskini, alikimbia ndani akatoka na kibuyu cha siku ile, akishukuru, akainama ili aunyweshe.

Nakijwa alimkamata mkono. "Mama, huu usiupe. Umeshawaambia hautaki, hamjasikia?"

Akamnyang'anya kibuyu kwa upole, akatazama watu waliokusanyika mpaka akamwona dada yake Senkondo amembeba yule mtoto aliyeachwa, amekonda, macho yamezama. Akamwendea. Akamshikia mtoto kibuyu mdomoni, akamnywesha pole pole ili asipaliwe, na kila alipokoma akamngoja, mpaka mtoto mwenyewe akageuza uso kwa kushiba. Kisha akawatazama wazee mmoja mmoja. "Huyu mpelekeni kwa mama yake. Leo."

Wakampeleka. Wasingeweza kukaa mbele ya macho yale wakabisha.

Nakijwa mwenyewe aliambiwa akae, na hakukaa. Alivunja kitawi kimoja pale kwenye mawe, akashuka kwa njia ile ile aliyoapa hataishuka, bila kikapu. Kiondo alimfuata mpaka kwenye kona ya mlima akirudia jina lake, akarudi peke yake. Mvua ilinyesha baadaye, kama inavyonyesha siku zote baadaye. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na tangu siku hiyo bibi harusi wa huku kwetu habebi mti kwenda kwa mumewe, wala hakuna mama anayefukuzwa kwa jani kukauka. Na tangu siku hiyo mkataamaji hauishi kwenye udongo mnono. Upande kwenye changarawe na mawe, juani, mahali ambapo maji yakija yanapita zake, utakuwa hai mtakapokuwa mmezeeka. Ukiufyeka maua yakishaisha, unachipua vizuri, maana uliingia katika maisha haya kwa mundu. Majani yake ni ya kijivu hata wakati wa masika. Ukiweka maua yake chini ya mto, aliyekesha hupata usingizi. Lakini ukiulea kwa kata asubuhi na jioni utauozesha, hata kama unaupenda. Hasa kama unaupenda.

Nendeni mkaihamishe ile iliyobaki. Na siku ukijikuta umesimama mbele yake na maji mkononi, moyo unakusukuma umwage, mwite mtoto aliye karibu, wako au wa jirani, anywe mpaka ageuze uso mwenyewe. Mti hauna kiu. Mwenye kiu alikuwa Mbonea, na alikuwa akisema kila siku.